Harusi ya ufukweni Mauritius: nyota tatu, zote za mratibu

Kwa wenye haraka: kifurushi cha harusi tulichonunua kwenye hoteli moja kusini-magharibi mwa Mauritius nakipa nyota tatu kati ya tano, na zote tatu ni za mtu mmoja, yule dada mratibu. Hoteli siitaji. Mimi ni dada mkubwa wa bibi harusi na ndiye niliyebeba bahasha ya vyeti, kwa hiyo niliyaona ya mbele ya wageni na ya nyuma ya pazia.

Tangazo lao lina upinde wa maua, kitambaa cheupe chepesi na bahari isiyo na wimbi. Halisemi picha ilipigwa mwezi gani. Kati ya Juni na Septemba kusi huvuma kisiwani humo, na rasi ya Le Morne inajulikana mno kwa wale wanaoteleza majini wakivutwa na vishada. Hao hawafuati utulivu! Sisi tulikuwa huko Julai. Asubuhi ya harusi vijana wa mapambo walipofunga kile kitambaa, kilianza kupiga kama tanga lililokatika kamba. Mama akatazama, akasema, "Hicho kitamfunika msajili kabla hajamaliza kusoma." Kijana mmoja akamjibu kwa adabu kwamba ataongeza mafundo.

Mratibu alipofika hakubishana na mtu. Alivua viatu, akaenda kusimama pale pale ambapo bibi harusi angesimama, akageuka huku na huku, kisha akaamuru kitambaa kishushwe chote. Viti vikahamishiwa nyuma ya mstari wa mivinje. Akapanga mdogo wangu asimame akiukabili upepo, ili shela irudi nyuma isimzibe uso. Halafu akatoa mfukoni chubwi ndogo za wavuvi, akaomba sindano na uzi, akakaa chini mchangani kuzishonea kwenye pindo la shela, moja baada ya nyingine, huku akizungumza na simu aliyoibana begani. Shela ile haikuruka hata mara moja. Hiyo ndiyo huduma niliyoilipia, na ndiyo ambayo haimo kwenye tangazo.

Saa nayo ni yeye aliyeiokoa. Ratiba ya hoteli ilisema saa kumi na moja jioni. Julai huko jua linazama kabla ya saa kumi na mbili, na kwenye nchi za joto giza halibishi hodi. Akaivuta hadi saa kumi, tukapata picha za mchana na za machweo pia.

Sasa makaratasi, maana hapa ndipo wengi wanaposhikwa. Ndoa ya wageni Mauritius ni ya kisheria kabisa, si ya maigizo, lakini wasio raia wala wakazi wanahitaji cheti kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu kuthibitisha kwamba si raia wala wakazi, na maombi hutumwa mapema pamoja na vyeti vya kuzaliwa na nakala za pasipoti. Aliyewahi kuoa au kuolewa aongeze hati ya talaka au cheti cha kifo. Mkishatua kuna safari ya Port Louis, mji mkuu, kula kiapo na kumalizana na ofisi ya usajili, kwa hiyo msipange kufika leo na kufunga ndoa kesho asubuhi. Mratibu aliandamana na maharusi, akakagua herufi za majina yao kwenye kila karatasi kabla hawajatia sahihi. Akatueleza pia jambo ambalo ofisi ya mauzo haikuligusa kabisa: Mauritius imo katika Mkataba wa The Hague wa 1961 kuhusu kutambua hati za nchi nyingine, kwa hiyo kama nchi yenu nayo imo, cheti cha ndoa hupigwa muhuri mmoja wa uthibitisho, uitwao apostili, na kinatambulika. Kama haimo, mtazunguka kwenye wizara na balozi. Ulizeni kwenu kabla ya kulipa hata amana.

Nyota mbili zilizopotea, hizo ni za hoteli. Barua yao ilisema "kila kitu kimo". Hakikumo. Mpiga picha wa nje alitozwa ada kwa kuingia tu hotelini. Spika ilikuwa moja, wageni wa nyuma wakasikia upepo na neno "nakubali". Na ile "faragha ya ufukwe" waliyoiuza haipo, kwa sababu fukwe za Mauritius ni za umma. Katikati ya viapo akapita mzee mmoja na kaptura yake ya kuogelea, akatupungia mkono. Yumo kwenye albamu, na shemeji hataki afutwe.

Mlima ule nyuma ya picha, Le Morne Brabant, si pazia la mapambo. Watumwa waliotoroka walijificha huko, na tangu 2008 umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mratibu aliwaeleza wageni kabla ya picha, kwa sentensi chache, bila kuharibu furaha ya mtu. Usiku kikundi cha sega, ngoma ya asili ya Mauritius, kilipokuja, wapigaji waliinamisha ravanne zao, yaani ngoma za kuwambwa ngozi, juu ya moto mdogo wa majani makavu, wakawa wanazigonga kwa vidole hadi ngozi ikakaza. Mama aliacha chakula chake akaenda kuwatazama.

Ukiuliza nafasi, usikimbilie miezi ya joto kwa kukwepa kusi, maana Novemba hadi Aprili ndio msimu wa vimbunga. Uliza eneo la kuhamia upepo ukizidi, na uandikiwe kwenye mkataba. Uliza pia mratibu ana harusi ngapi siku hiyo hiyo. Wetu alikuwa na yetu peke yake.

Chakula kizuri, samaki hasa. Keki ilikuwa kavu.