Dozi moja kubwa au ndogondogo? Panya wa maabara wanavyojibu

Panya wawili wana maambukizi yaleyale ya paja, na kila mmoja anapata kiasi kilekile cha dawa kwa siku. Mmoja anadungwa mara moja, mwingine kidogokidogo kila baada ya saa chache. Nani atapata nafuu zaidi? Inategemea dawa.

Kwa penisilini, ni wa pili. Ukishavuka kiwango fulani, kuizidisha hakuongezi sana kasi ya kuua. Kinachohesabika ni muda inaokaa juu ya kiwango cha chini kinachozuia bakteria kukua. Na figo za panya huitoa upesi mno, upesi kuliko zetu, hivyo dozi moja huisha na bakteria wakaanza kuzaliana upya.

Jentamisini, dawa nyingine ya kuua bakteria, ni kinyume. Kilele cha juu cha dawa mwilini ndicho kinachoua, na bakteria waliosalia hubaki wamezubaa kwa saa kadhaa hata dawa ikiisha. Hapo ningechagua sindano moja. Figo nazo huumia kidogo kuliko kwa dozi ndogondogo.

Kuchelewa nako kuna gharama. Mwaka 1952 mtafiti Harry Eagle alionyesha kwamba penisilini ikichelewa kwa panya wenye streptokoka, aina ya bakteria, nguvu yake hufifia: bakteria waliosongamana hupunguza kugawanyika, nayo huua hasa wanaokua.