Hoteli ya kando ya ziwa Kigoma ambayo vijana wake hawaondoki

Nimelala mara mbili, kwa tofauti ya miezi kumi na minne, katika hoteli moja ndogo mjini Kigoma, juu kidogo ya ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Safari ya pili nilishangaa kuona kwamba binti wa mapokezi, kijana anayetandika vyumba na mpishi wa zamu ya asubuhi walikuwa walewale, ilhali katika hoteli nyingi za miji yetu vijana huondoka kabla hata sare hazijapauka.

Chumbani hakuna chupa ya plastiki, bali mtungi wa kioo wenye maji yaliyochemshwa na kuchujwa. Sabuni ni ya mawese, iliyotengenezwa hapahapa Kigoma. Maganda na mabaki ya jikoni huozeshwa kuwa mboji ya bustani ya mchicha, na mchicha huo ndio nilioletewa pamoja na samaki wa ziwani, mgebuka, wa kukaanga, mtamu kwelikweli. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, lakini chupa zilibaki, na mvua ikinyesha ndizo zinazosombwa na mifereji hadi ziwani. Ziwa hili, lenye kina kinachofikia takriban mita 1,470, lina mto mmoja tu unaotoa maji yake, Lukuga, upande wa Kongo, na sehemu kubwa ya maji hupotea kwa mvuke. Kwa hiyo uchafu ukishaingia hukaa muda mrefu mno.

Nilimwuliza binti wa mapokezi kwa nini hajahama. "Mzee, mimi nimekulia Kibirizi, hapahapa Kigoma kando ya ziwa; ziwa ndilo lililonisomesha," alijibu, akaeleza kwamba mitungi na mboji ni mapendekezo ya wafanyakazi wenyewe, yaliyopokelewa katika kikao na meneja. Kisha akataja mkataba wa maandishi, michango ya hifadhi ya jamii inayopelekwa kila mwezi, likizo ya siku 28 inayotolewa kweli na usafiri wa kuwarudisha nyumbani wa zamu ya usiku. Naona mpangilio wa majibu yake una maana, ingawa siamini kwamba mboji peke yake ingemzuia kijana mwenye kodi ya chumba ya kulipa. Nimewahi kufikia hoteli nyingine, katika mkoa mwingine, iliyojaza kuta mabango ya kutunza mazingira huku wahudumu wakidai mishahara ya miezi miwili.

Kasoro niliyoiona ni ukumbi wa mikutano, ambako maji bado hugawiwa katika chupa ndogo za plastiki, eti wateja ndivyo wanavyotaka. Nilihesabu chupa zaidi ya themanini baada ya semina ya siku moja, nyingine zikiwa hazijafika hata nusu kunywewa. Nimemwandikia meneja kuhusu hilo, naye amenijibu kwamba wahudumu wa ukumbi walikwisha kumwomba birika na bilauri.