Riwaya za Enzi za Barafu: kagua ramani kabla ya kulipa

Mwezi uliopita nilinunua mtandaoni nakala ya mtumba ya The Plains of Passage, kitabu cha nne cha Jean M. Auel kuhusu Ulaya ya Enzi za Barafu, ambayo muuzaji aliieleza kuwa iko katika "hali nzuri". Kurasa za hadithi zilikuwa zimetimia, lakini karatasi ya ramani ilikuwa imeng'oka, na mahali pake palibaki ukingo mwembamba na gundi iliyokauka kama ukoko wa wali. Nilipolalamika, nilijibiwa kwamba ramani si sehemu ya hadithi.

Kitabu chenyewe ni safari ya wapenzi wawili, Ayla na Jondalar, pamoja na farasi na mbwa mwitu wao, wakiufuata Mto wa Mama Mkuu, ambao ndio Danube wa leo, kisha wakivuka barafu kuelekea nchi tunayoiita Ufaransa. Bahari Nyeusi humo inaitwa Bahari ya Beran. Msomaji asiye na ramani hupotea kabla ya sura ya tatu. Tatizo ni kwamba vitabu vinene vya jalada laini hushikwa na gundi tupu, na karatasi za mwanzo, ambako ramani hukaa, ndizo huvutwa kila jalada linapofunguliwa. Kwa hiyo mwombe muuzaji picha ya karatasi hizo kabla ya kulipa hata senti.

Mimi ni mpenzi wa Auel na sijifichi, kwa hiyo kati ya riwaya za kununua nafasi ya kwanza ni yake, ila nunua jalada gumu. Anza na The Clan of the Cave Bear ya mwaka 1980, ambamo Ayla, yatima wa tetemeko la ardhi mwenye makovu manne ya kucha za simba pajani, analelewa na Waneandatali, jamii ya binadamu wa kale iliyokwisha kutoweka. Mfululizo una vitabu 6, na cha mwisho kilitoka mwaka 2011. Ukikosa hicho hujakosa kitu.

Nafasi ya pili naipa Mother Earth Father Sky ya Sue Harrison, ya visiwa vya Aleutian huko Alaska, ambamo binti Chagak anakimbia kwa mtumbwi wa ngozi na mdogo wake mchanga baada ya kijiji chao kuangamizwa. People of the Wolf, ya wanaakiolojia W. Michael Gear na mkewe Kathleen O'Neal Gear, inasimulia watu wa kwanza wa Amerika na ugomvi wa ndugu mapacha. Ni nzuri, ingawa mazungumzo yake mara nyingine yananukia karne ya 20. Anayelazimika kununua nakala chakavu achukue Reindeer Moon ya Elizabeth Marshall Thomas, aliyeishi na Wasan, wawindaji wa jangwa la Kalahari, katika miaka ya 1950: Siberia yake ni ya watu wachache na kambi chache, hivyo utaisoma bila ramani.

Vitabu vya kielektroniki ni rahisi, na ramani zake hazisomeki.

Kuhusu nakala yangu, nauli ya kuileta ilizidi bei yake mara mbili, na muuzaji alikubali kunirudishia fedha kwa sharti moja, kwamba niisafirishe kwa gharama yangu.