Slimbridge majira ya baridi: swani wa karibu kwa lenzi ya kawaida

Kwa mpenzi wa ndege anayeishi Uingereza na ambaye hana lenzi ya bei kubwa, sijaona mahali panapofaa zaidi majira ya baridi kuliko kituo cha ardhioevu cha Slimbridge, karibu na mto Severn katika jimbo la Gloucestershire. Kilianzishwa mwaka 1946 na Peter Scott, mchoraji na mhifadhi, na hadi leo kinaendeshwa na WWT (Wildfowl & Wetlands Trust), shirika la uhifadhi lililotokana na kazi yake.

Wageni wakuu wa msimu ni swani wa Bewick, ndege weupe wa majini wenye shingo ndefu, ambao huzaliana kwenye tundra ya kaskazini mwa Urusi na kuruka zaidi ya kilomita 3,000 kukimbia barafu. Mwaka 1964 Scott alianza kuwatambua mmoja mmoja kwa mchanganyiko wa manjano na weusi ulioko mdomoni, kwa kuwa hakuna wawili wanaofanana kabisa. Mmoja manjano yake huishia katikati ya mdomo kwa mstari ulionyooka, mwenzake yamechongoka kuelekea puani, na wa tatu ana doa jeusi linalopanda hadi kwenye paji la uso. Ukishajua hivyo, huridhiki tena na picha ya kundi zima. Unatafuta uso wa kila ndege, kwa mbele na kwa pande zote mbili.

Bwawa la Rushy ndipo pa kutulia. Ndege hulala hapo usiku na hurejea kutoka malishoni alasiri, nao hutua mbele kabisa ya chumba cha kutazamia chenye joto na madirisha makubwa, kiasi kwamba lenzi ya milimita 300 inatosha. Kioo huakisi mwanga, hivyo usogeze lenzi hadi karibu kukigusa. Swani ni mweupe na maji ya jioni ni meusi, kwa hiyo kamera ikiachwa ijiamulie yenyewe itazidisha mwanga na manyoya yatapoteza umbile. Punguza mwangaza kidogo. Kamera iliyotoka kwenye baridi iingie ndani ikiwa mkobani, la sivyo lenzi itajaa ukungu. Mwezi Desemba jua huzama karibu saa kumi jioni, kwa hiyo anayefika saa tisa na nusu amechelewa.

Vibanda vinavyotazama mashamba ya kando ya mto vinahitaji darubini zaidi kuliko kamera, maana bata bukini wa porini huwa mbali. Wapo pia flamingo wanaofugwa, ambao kwa aliyewahi kuona makundi ya ziwa Natron au Nakuru si sababu ya safari.

Nasisitiza watu waende kwa sababu swani hawa wanapungua. Kundi la kaskazini-magharibi mwa Ulaya lilikadiriwa kuwa na ndege 29,000 mwaka 1995, na kufikia 2010 walibaki takriban 18,000. Aidha, kadiri baridi ya Ulaya inavyopungua makali, wengi huishia Uholanzi na Ujerumani bila kuvuka bahari. Chagua siku ya kazi mwezi Januari, baada ya siku kadhaa za upepo baridi kutoka mashariki. Kwa atakayerudi mara kwa mara, uanachama wa mwaka unafaa zaidi kuliko tiketi ya siku, kwani unafungua milango ya vituo vingine vya shirika hilo, kikiwemo cha London.