Nimejaribu madarasa mawili ya dansi ya tumbo Arusha, nimebaki la pili
La kwanza lipo Njiro, jina silitaji, ukumbi mzuri kioo ukuta mzima ila mwalimu anawasha mziki anaanza kukata kiuno nyie mnamfuata tu, hakuna kupasha viungo, wiki ya pili mgongo uliniuma mpaka kukaa kwenye daladala ikawa shughuli. Na ada ya miezi 3 walishachukua, hairudi.

La pili ni kachumba tu huku Kijenge, kioo kimepasuka kona, ila dada anafundisha asee! Dakika 15 nzima ni magoti: legeza magoti, bana tumbo kidogo, nyonga ipande kifua kitulie. Mi nikajua mauno nayaweza tangu utoto, kumbe huku nyonga kivyake mabega kivyake. Anatufundisha na kusikiliza ngoma, dum (mdundo mzito) na tek (mdundo mkali), anasema hii ni raqs sharqi, yaani dansi ya tumbo ya Misri, sio chakacha ya Pwani, japo kiuno ni kiuno 😂

Unalipa kila kipindi, unafunga kanga yako basi, skafu ya visarafu utanunua ukinogewa. Feni hakuna na wanachelewa kuanza, hilo linaniudhi kweli.