Uzoefu wangu: nilivyotafuta na kufuta waranti ya kukamatwa kwenye kaunti ya ndani ndani huku West Texas

Wakuu naandika hii ndefu kidogo sababu najua madereva wenzangu wengi huku Texas, Watanzania, Wakenya na ndugu zetu wa Kongo, kuna tiketi ya zamani ya kosa la barabarani imekaa kwenye droo na mtu anaogopa hata kuuliza. Mimi nilikuwa hivo karibu mwaka mzima.

Ilikuwa naenda msibani Odessa, na gari yangu ndogo sio lori, kwenye I-20 nikasimamishwa na deputi (askari wa sherifu) wa kaunti moja ambayo zaidi ya visima vya mafuta na ng'ombe huoni kitu. Maili 11 juu ya spidi, nikasaini nikaendelea na safari. Ile saini sio kukubali kosa, ni ahadi kwamba utajibu mahakamani kabla ya tarehe iliyoandikwa kule chini kwenye karatasi, sasa mimi na mambo ya msiba ile tarehe ikapita, halafu nikahama apatimenti na sikubadilisha anwani DPS, idara ya jimbo inayotoa leseni, na sheria ya huku inataka ubadilishe ndani ya siku 30. Hilo ni kosa langu kabisa. Mahakama ilituma barua ya kunipa tarehe nyingine, ikaenda kwenye mlango ambao sikai tena.

Nikaja kujua siku naenda kuongeza muda wa leseni. Dada wa kaunta kaangalia skrini, kanyamaza, kaandika kitu, akaniambia siwezi kukupa, kuna kesi hujaitokea kaunti fulani. CDL jamani, leseni ya kuendesha lori, hiyo ndo ugali wa watoto wangu watatu. Nilitoka pale nikakaa kwenye gari sijawasha hata injini.

Usiku nikaanza kutafuta mtandaoni kama nina waranti. Hapa ndo nataka muwe makini. Nikaangukia tovuti moja ya kuchunguza watu, unaandika jina inakuambia tumepata rekodi, lipa dola 29 uone. Nikalipa. Wameniletea anwani zangu za zamani, majina ya watu niliowahi kuishi nao, na sentensi kwamba "huenda" kuna rekodi za mahakama. Kesi yangu haikuwepo. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa kuwa kadi walikata mara moja tu. Nilichokuja kuelewa ni kwamba ule mfumo wa waranti ambao polisi anausoma kwenye gari yake raia hauingii, na Texas ina kaunti 254, kesi ndogo kama hizi kila mahakama inatunza za kwake. Kaunti kubwa kama Harris kule Houston unatafuta kesi mwenyewe kwenye tovuti yao, ila hizi za ndani nyingine rekodi iko kwenye kompyuta ya karani na kwenye faili la karatasi basi, hakuna tovuti ya kulipia itakayokuonyesha.

Kilichonisaidia ni tovuti ya OmniBase, ndo wanaofanya kazi na DPS kwenye mambo ya leseni zilizozuiwa kwa kutotokea mahakamani. Unaweka namba ya leseni na tarehe ya kuzaliwa, bure, inakuletea jina la mahakama, kosa, na namba ya simu ya mahakama. Hii naipa nyota nne. Sijatoa tano sababu haikuambii kama kuna waranti au hakuna, leseni kuzuiwa ni kitu kimoja na waranti ni kitu kingine, unaweza ukawa na kimoja bila kingine, mimi nilikuwa na vyote viwili.

Kesho yake saa mbili asubuhi nikapiga simu kwa mahakama yenyewe. Wao wanaita Justice of the Peace, ni mahakama ndogo ya makosa ya faini, mengi mwisho dola 500, adhabu yake sio jela ila kwa waranti unakamatwa na kulazwa ndani kama kawaida. Simu ya mezani, inaita inaita, akapokea mama mmoja mtu mzima. Nikamwambia ukweli, jina langu, tarehe ya kuzaliwa, nimehama, nimejua jana. Nasikia anafungua kabati la chuma, anapekua, halafu kimya kirefu. Akasema ndio, iko waranti, na kuna kosa la pili limeongezwa la kutotokea. Mikono ilikuwa inatetemeka kweli. Nikamuuliza nikija mwenyewe nitakamatwa? Akasema mimi ni karani siruhusiwi kukupa ushauri wa kisheria, ila watu wanakuja hapa kila wiki kumaliza mambo yao na wanarudi nyumbani.

Hapa kuna kitu ambacho sikukijua na ningekijua mapema ningelala usingizi. Tangu 2017 sheria ya Texas inasema ukija mwenyewe kabla hujakamatwa, na unaonyesha nia ya kweli ya kumaliza kesi, mahakama hizi zinatakiwa ziifute waranti ya kutotokea. Sio huruma ya hakimu, ni sheria.

Yule mama akanipa na njia ya kulipa kwa kadi palepale kwenye simu, dakika tano kesi imeisha. Nilikuwa nishatoa kadi mfukoni. Nashukuru Mungu nikamwambia ngoja nitapiga baadae, sababu kulipa tu kunahesabiwa umesema hupingi kosa, na hiyo ni hatia kwenye rekodi yako. Wenye leseni ya kawaida wanaweza kuomba darasa la udereva au muda wa uangalizi kosa lisiingie, sisi wa CDL hatupewi hata kama ulikuwa na gari ndogo ya familia, ni sheria ya serikali kuu. Na ingekuwa kwenye lori, maili 15 au zaidi juu ya spidi, hilo linahesabiwa kosa zito, mawili ndani ya miaka mitatu unafungiwa kuendesha lori siku 60. Kwahiyo kabla hujalipa chochote uliza itaandikwa umejibu nini kwenye kosa, umekubali, hupingi, au umekana na unataka tarehe.

Wakili wa mji wa jirani nilimpigia, akataka dola 350, angeweka dhamana yake waranti itoke halafu achukue tarehe kwa niaba yangu, mimi nisitie mguu kule. Kwa mtu anayeishi jimbo lingine au ambaye kosa lake sio la faini tu, au makaratasi yake ya uhamiaji hayajakaa sawa, mimi nasema lipa wakili, usiende peke yako. Kwangu nilikuwa na green card, kosa la spidi tu, nikaamua kwenda.

Masaa manne na nusu kutoka Fort Worth. Kijengo cha matofali, ofisi ya sherifu iko mlango wa pili, magari yao yamepaki palepale unapopita. Nilibeba mkataba wa apatimenti mpya wenye tarehe, leseni, na mani oda maana kadi pale dirishani inaongezewa makato. Nilifika saa sita kasoro, wakawa wanafunga kwa lanchi, nikasubiri kibarazani mpaka saa saba. Hakimu alikuwepo. Akasoma ule mkataba mstari kwa mstari, akaniuliza kwa nini sikubadilisha anwani, nikajibu nilizembea. Akalifuta kosa la kutotokea. La spidi nikasema sipingi, kwenye rekodi ni hatia vilevile, faini na gharama dola 248, ya waranti 50, na 10 ya OmniBase. Nilikuwa nazo, ila nilisikia anamwambia kijana aliyekuwa mbele yangu kwamba kama huna unaweza kulipa kidogokidogo au kufanya kazi za jamii, masaa nane yanakatwa sio chini ya dola 100. Waulizeni, msikimbie sababu ya hela.

Karani nampa nyota tano na ningekuwa nazo sita ningempa. Kabla sijatoka nilimuomba karatasi ya kwamba waranti imefutwa, akapiga muhuri, akasaini kwa kalamu ya bluu, akaniambia itunze kwenye gari maana mfumo wa polisi unaweza kuchelewa kusafishwa. Mwajiri wangu nilimuandikia wiki ileile, sheria inatupa wenye CDL siku 30 za kumjulisha hatia ya barabarani.

Kitu kimoja cha pembeni, wiki mbili baadae nikapigiwa na mtu anajiita sajenti wa sherifu, ati nina waranti ninunue kadi za zawadi nimsomee namba. Nikakata, nikapiga kwa yule mama. Akasema faili lako limefungwa mwanangu. Leseni iliachiwa siku ya tisa, ile karatasi ya muhuri bado iko kwenye dashibodi.