Moi, Ukunda, Malindi au Vipingo: uwanja gani wa ndege kwa safari ya kikazi Mombasa

Anayekata tiketi ya kikazi kuja Mombasa hutazama bei na saa ya kuondoka, akalipa. Swali lililostahili kutangulia ni jingine: kazi yenyewe iko upande gani wa maji?

Mombasa mjini ni kisiwa. Ukielekea kaskazini unapita daraja la Nyali, magharibi unapita Makupa, na kusini magari hayana daraja, ni feri ya Likoni. Milango mitatu, na kila mmoja una saa zake za kukabwa. Uwanja wa Moi uko Port Reitz, bara ya magharibi. Kwa hiyo anayeshuka hapo akaenda Diani kwa kupitia mjini anavuka maji mara mbili. Mwenye mkutano Kilifi naye huingia Makupa, akakata kisiwa, akapanda daraja la Nyali, kisha akavumilia Bamburi, Shanzu na Mtwapa.

Tumevipanga viwanja kwa vipimo viwili. Cha kwanza ni muda wa mlango hadi mlango, maana muda wa angani kutoka Nairobi haupishani sana: ni kama saa moja, ukitua Moi, Ukunda au Malindi. Cha pili hupuuzwa na wengi, na kwa msafiri wa kazi ndicho kizito: ukikosa ndege au ikifutwa, inayofuata ni saa ngapi?

1. Moi

Bado ndio wa kwanza, na sababu ni hicho kipimo cha pili. Ndege za Nairobi zipo kuanzia alfajiri hadi usiku, za kampuni zaidi ya moja. Njia ya kurukia ina urefu wa mita 3,350, hupokea ndege kubwa, na ina mitambo ya kumwongoza rubani kutua mawingu yakishuka. Masika, hasa Mei, mvua ya Pwani inapofunga anga tangu asubuhi, uwanja wenye mitambo hiyo ndio unaoendelea na kazi wakati vile vidogo vinasubiri.

Mjini ni kama kilomita 10. Njia ikiwa nyeupe, bila msongamano, ni nusu saa. Tatizo ni matrela: magari ya bandarini hugombea Changamwe na Magongo na mabasi na watu wa kazini, na trela moja likiharibika Changamwe, nusu saa hugeuka saa moja na robo. Ukiwa na ndege ya jioni, ondoka kisiwani saa mbili na nusu kabla ya kuruka, hata kama jioni iliyopita njia ilikuwa nyeupe.

Tenga pia muda wa ukaguzi. Kwenye geti la kuingilia gari husimama, abiria hushuka, hupita kwa miguu kwenye kibanda cha mashine, na dereva hubaki na gari likikaguliwa. Mlangoni mwa jengo begi hupita kwenye mkanda tena, na mara ya tatu kabla ya chumba cha kusubiri. Kinachochelewesha foleni ni mshipi, sarafu na tarakilishi iliyozikwa chini ya nguo. Iweke juu kabisa ya begi tangu nyumbani.

Chagua Moi bila kufikiri mara mbili kwa kazi ya kisiwani, Nyali, Bamburi, Changamwe, Mikindani, na njia yote ya Mazeras hadi Mariakani. Uwanja una faida moja zaidi ambayo haiandikwi kwenye tiketi: stesheni ya reli ya SGR ya Miritini iko upande huohuo wa bara. Ndege ya mwisho ikifutwa, unaweza kuifikia treni ya usiku bila kuvuka Makupa. Tiketi hukatwa kwa simu kupitia *639# na kulipiwa M-Pesa, safari ni saa tano hivi na ushei, na unashuka Syokimau, nje kidogo ya Nairobi. Fika stesheni saa nzima kabla, uwe na kitambulisho mkononi. Mabegi hupangwa mstari yanuswe na mbwa kabla ya kuingia, na hatua hiyo haina njia ya mkato.

2. Ukunda

Hapa ndipo penye hesabu halisi, kwa sababu jibu la miaka iliyopita si jibu la leo.

Uwanja wa Ukunda uko ndani ya mji. Ukitoka getini, tuktuk inakufikisha barabara ya ufukweni Diani kwa dakika kumi. Kampuni ya Jambojet hutua hapo na ndege ya Dash 8-400 kutoka JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, na ya Safarilink hutoka Wilson, uwanja mdogo wa jiji hilohilo. Zamani hoja ilikuwa fupi: mwenye kazi hoteli za Diani, Tiwi, Msambweni au makao ya kaunti Kwale aliyeshuka Moi alikuwa mateka wa feri. Na feri ina tabia yake. Asubuhi, kati ya saa kumi na mbili na saa tatu, umma wa Likoni unavuka kuja mjini. Jioni, kuanzia saa kumi, wimbi hurudi. Watu wa miguu hujaza rampu kwanza, magari yakasubiri chini ya jua, na chombo kimoja kikiwa matengenezoni foleni hupanda hadi barabara kuu. Hapo hakuna dereva hodari wala wa pole, wote mnangoja.

Barabara ya Dongo Kundu ilipounganishwa mpaka Kibundani, mzani ulisogea. Sasa ukitoka Moi unapita Miritini na Mwache, unavuka daraja la Mteza, unatokea kwenye barabara ya Likoni–Lunga Lunga bila kugusa kisiwa wala feri. Kwa gari ni kama saa moja hadi Diani njia ikiwa nyeupe. Kwa hiyo Ukunda haikuokoi tena nusu siku. Inakuokoa saa moja ya barabara, pamoja na nauli ya teksi ya kilomita arubaini na kitu.

Saa moja hiyo inalipa lini? Inalipa ukiwa mwenyewe, una begi moja, mkutano ni asubuhi, na utalala huko. Hailipi mkiwa watu watatu wenye gari moja la kukodi, kwa kuwa nauli ya barabara mnaigawana lakini tofauti ya tiketi kila mtu analipa yake. Wala hailipi ukitaka kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Ratiba ya Ukunda ni ya mchana na ndege ni chache; kikao kikivuta hadi saa kumi na moja jioni, umelala Diani. Hapo wajuzi hukata tiketi mbili za njia moja: kuja kwa Ukunda asubuhi, kurudi kwa Moi usiku kupitia Dongo Kundu. Mpe dereva saa mbili za barabara, usimpe moja, kwa kuwa upande wa Miritini matrela yapo hata usiku.

Kwa mkaazi wa Likoni, Mtongwe, Ng'ombeni au Ukunda kwenyewe anayekwenda Nairobi, tunaiweka Ukunda mbele ya Moi wazi kabisa. Kutoka Likoni ni kama kilomita 30 za lami, na alfajiri unakwenda kinyume cha umati wa feri.

Sasa mzigo. Kwenye ndege ndogo, hasa Caravan ya abiria kumi na wawili hivi, kiwango cha kawaida ni kilo 15, begi la mkononi likiwemo, na begi liwe laini. Mabegi huingizwa kwenye sanduku lililo chini ya tumbo la ndege, ambalo mlango wake ni mfupi. Sanduku gumu la magurudumu halikunjiki, na mpakiaji akilisukuma mara mbili likagoma, linabaki kwa ndege ya baadaye. Si ukali wa kampuni. Wilson iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, hewa yake ni nyepesi, njia yake ya kurukia haizidi sana kilomita moja na nusu, na jua likipanda nguvu ya injini hupungua zaidi. Kila kilo inahesabika, hata ya abiria, ndiyo maana unaweza kuambiwa upande mizani. Mwenye sampuli, vipuri au mabango ya maonyesho ayatume kwa basi la usiku siku mbili kabla, au aende na ndege kubwa ya Moi na kulipia mzigo.

Hali ya hewa ikikataa Ukunda, mara nyingi ndege huelekezwa Moi. Uwe na namba ya dereva wa Mombasa kwenye simu, si wa Diani peke yake.

3. Malindi

Kwa mwenye kazi Mombasa mjini, Malindi haifai: ni kama kilomita 120. Tumeiweka ya tatu kwa ajili ya Kilifi. Mji wa Kilifi uko karibu nusu ya njia, kama kilomita 60 kila upande, na watu wengi huchukulia kwamba nusu mbili zinalingana. Hazilingani. Nusu ya kusini ina kisiwa, Nyali, Bamburi na Mtwapa, na ujenzi wa kupanua barabara umeifanya ngumu kukisia. Nusu ya kaskazini ina msitu wa Arabuko-Sokoke, mashamba na vituo vichache. Saa moja inatosha. Anayekwenda Chuo Kikuu cha Pwani, kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI au ofisi za kaunti Kilifi, na bila shaka Watamu na Gede, atazame Malindi kwanza.

Uwanja uko pembeni mwa mji, unatoka mlangoni ukapata tuktuk au teksi papo hapo. Lakini teksi ya kwenda Kilifi ipangwe jana yake na bei ikubaliwe ya kwenda na kurudi, maana dereva anayerudi Malindi mtupu atakutoza njia zote mbili hata usipomrudia.

Ndege ya Malindi ikikosekana, shuka Moi na umwambie dereva apite Mariakani, Kaloleni, atokee Mavueni. Njia ni ndefu na ina milima na kona, ila haina Mtwapa.

4. Vipingo

Upo ndani ya mtaa binafsi wa Vipingo Ridge, kama kilomita 35 kaskazini ya Mombasa. Ni hasa wa ndege za kukodi, hivyo ruhusa ya kutua huombwa mapema kupitia kampuni ya ndege. Unaeleweka pale tu watu sita na zaidi wa kampuni moja wanapokwenda viwanda au mashamba ya Vipingo na kurudi kabla ya jua kuzama. Gari lenu liwe limeshafika kabla ndege haijatua. Hapo hakuna teksi ya kusimamisha. Chini ya watu sita, pesa hiyo ilipe Moi na usiku mmoja wa hoteli Mtwapa.

Upande wa Nairobi

Uwanja wa Pwani na wa Nairobi huchaguliwa kwa pamoja. Ndege nyingi za Moi hushuka JKIA, Embakasi. Palepale pana faida kwa mwenye kazi Industrial Area, barabara ya Mombasa au Athi River, na hata Westlands, ukikubali kulipia barabara ya juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa 2022. Wilson, iliyo barabara ya Lang'ata kama kilomita tano kutoka katikati ya jiji, inashinda kwa Upper Hill, Kilimani, Lavington na Karen; na jengo lake ni dogo, kutoka mlango wa ndege hadi teksi ni dakika chache. Udhaifu wake ni asubuhi za Julai na Agosti, mawingu yanapolala chini na ndege ndogo zikazuiwa hadi yapande. Miezi hiyo usipange kikao kabla ya saa tano.

Soma herufi tatu kwenye tiketi kabla ya kulipa. NBO ni JKIA, WIL ni Wilson. Mtu hushuka Wilson akiwa na ndege ya Dubai JKIA, akidhani atatembea hadi lango jingine. Ni viwanja viwili, mizigo haihamishwi kwa niaba yako, na kati yake kuna msongamano wa Lang'ata na barabara ya Mombasa. Kama kutua Wilson na kuruka JKIA vinapishana kwa chini ya saa tano, nunua tiketi ya kutoka Moi inayoshuka JKIA.